Je, Tairi za Ranflati Zinakufaa?

Mwaka huu sitawaandikia juu ya nidhamu wala mazingira, maana najua wenzangu watayashughulikia vya kutosha. Nimeamua kuandika juu ya tairi. Tafadhali usifunue ukurasa mwingine! Tairi ndizo sehemu pekee za gari zinazogusa barabara, na wengi wetu tutakuja kuulizwa na wazazi wetu, au kujiuliza wenyewe siku tutakapokuwa na magari yetu: hizi tairi zinazosemekana kwamba huendelea kwenda hata zikitoboka, zina thamani ya pesa zake?

Kwanza jina lenyewe. Mafundi wetu huziita ranflati, nami nitalitumia jina hilo hilo kwani ndilo utakalolisikia gereji. Maana yake ni tairi ambayo hata upepo wote ukiisha, gari linaweza kusonga mbele kwa masafa fulani bila ya gurudumu kubadilishwa. Angalia vizuri, nimesema masafa fulani. Kuna watu wanaodhani kuwa ranflati haipati pancha. La hasha! Msumari huichoma sawasawa na tairi nyingine yoyote. Tofauti iko katika yale yanayofuata baada ya msumari kuingia.

Ili uelewe jambo hili, rudi kidogo kwenye somo la fizikia. Watu wengi hufikiri kuwa mpira wa tairi ndio unaobeba gari. Sivyo. Gari hubebwa na upepo ulioshindiliwa ndani. Mpira ni mfuko wa kuuzuia upepo huo usitoroke. Hebu tupige hesabu. Gari lenye uzito wa kilo 1,500 huikandamiza ardhi kwa nguvu ya takriban niutoni 14,700. Tairi zikijazwa upepo wa 32, kama tunavyomwambia yule kijana wa kituo cha petroli, hiyo ni presha ya karibu paskali 220,000. Gawanya nguvu kwa presha utapata eneo la sentimita mraba 668 hivi. Gawanya tena kwa magurudumu manne: kila tairi hugusa barabara kwa sentimita mraba 167. Hiyo ni kama nusu ya jalada la daftari lako la mazoezi! Gari zima, na abiria, na magunia, limesimama juu ya nusu nne za daftari. Mwenye akili kali ya hesabu atasema kwamba nimeusahau ugumu wa mpira wenyewe, kwani nao husaidia kubeba kidogo. Ni kweli, na hapo ndipo penye siri ya ranflati.

Katika tairi ya kawaida ubavu ni mwembamba na mlaini. Upepo ukiisha, ubavu hukunjika kama karatasi, rimu ikaja chini, na mpira ukabanwa kati ya chuma na lami. Ukiendelea kuendesha hata kilomita chache tu, tairi hutafunwa mpaka ikawa matambara, na mara nyingine huchomoka kabisa kwenye rimu. Katika ranflati, watengenezaji huongeza ndani ya ubavu tabaka nene la mpira mgumu unaostahimili joto. Upepo ukiondoka, ubavu huo husimama wenyewe na kulibeba gari, na mdomo wa tairi hubaki umeing'ang'ania rimu.

Lakini hauwezi kubeba milele. Kila gurudumu linapozunguka, ubavu usio na upepo hupindika na kunyooka, hupindika na kunyooka, mara mamia kwa dakika, na kule kupindika huzaa joto. Chukua kipande cha waya ukikunjekunje haraka kisha ukiguse, utanielewa. Joto ndilo linaloiua tairi. Ndiyo maana kipimo cha kawaida cha ranflati ni kilomita 80 kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Ukizidisha mwendo joto huzidi. Ukipakia gari mpaka likalala, masafa hupungua. Kwa hivyo mwenye ranflati, kwa maneno ya wazi, amenunua saa moja ya kuendesha gari. Ishike hiyo saa moja, maana nitairejea.

Jambo hili si jipya kama tangazo la biashara linavyotaka uamini. Yule daktari wa mifugo, John Boyd Dunlop, alitengeneza tairi yake ya upepo mjini Belfast mwishoni mwa miaka ya 1880, na nadhani pancha ya kwanza ilifuata muda si mrefu. Tangu hapo watu wametafuta dawa. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Dunlop iliuza tairi iliyoitwa Denovo huko Uingereza. Ndani yake mlikuwa na kilainishi kilichomwagika tairi ikiisha upepo, ili mpira usijisage wenyewe kwa wenyewe. Mwaka wa 1997 gari la Corvette la Marekani lilitolewa kiwandani bila gurudumu la akiba kabisa, likitegemea tairi zenye ubavu mgumu. Halafu kuanzia miaka ya 2000 BMW ikaziweka ranflati katika magari yake mengi ya kawaida, na huko ndiko zilikotoka nyingi tunazoziona hapa Kenya.

Michelin nayo ilikuwa na mtindo wake ulioitwa PAX, ambao ndani ya gurudumu mlikuwa na pete ngumu ya kulikalia gari upepo ukiisha. Kwa ufundi ulikuwa mtindo mzuri. Shida ilikuwa kwamba ulihitaji rimu yake peke yake na mashine yake peke yake, na maduka yenye mashine hizo yalikuwa machache. Mwenye gari akipata pancha alikuwa anafika mjini salama, kisha anaanza kutafuta ni nani atakayemhudumia. Kabla ya mwaka wa 2010 Michelin ilikuwa imeacha kuuendeleza. Na hayo, jamani, yalitokea Marekani, nchi yenye maduka ya tairi kila kona. Tairi haiendi barabarani peke yake. Huenda pamoja na maduka na mafundi walio kando ya barabara hiyo. Wasipokuwako, ufundi wake wote ni kazi bure.

Sasa tuje nyumbani. Mjomba wangu anakaa Voi na hufanya biashara ya nguo kati ya Mombasa, Voi na Taveta. Alinunua gari la BMW lililotumika ng'ambo, katika yadi moja ya Mombasa. Sheria yetu huruhusu kuingiza gari lililotumika maadamu umri wake hauzidi miaka 8, na magari ya namna hii huja mengi kutoka Japani na Uingereza. Alipofungua buti akatafuta gurudumu la akiba hakuliona, wala jeki, wala spana. Muuzaji akamwambia, "Mzee, hili halihitaji spea, tairi zake ni ranflati." Mjomba akaja kutuuliza sisi tuliosoma (ndivyo anavyotuita, sijui ni sifa au ni dhihaka): azibakishe, au azibadilishe kwa tairi za kawaida?

Tulichukua ramani tukapima. Kutoka Voi hadi Taveta ni kama kilomita 110. Akipata pancha katikati kabisa, yuko kilomita 55 kutoka mji mmoja na 55 kutoka mwingine. Saa yake moja ya ranflati inamtosha kufika. Kutoka Voi hadi Mtito Andei ni chini kidogo ya kilomita 100, katikati ya mbuga ya Tsavo, mahali ambapo si kila mtu angependa kushuka kubadilisha gurudumu magharibi. Hapo pia saa moja inatosha. Mpaka hapo ranflati zilikuwa zinashinda, na mjomba alikwisha anza kutabasamu.

Kisha tukamuuliza: ukishafika Voi, utafanya nini? Tairi zake ni za kipimo cha 225/45 R17. Tarakimu hizo husema kwamba upana ni milimita 225, ubavu ni asilimia 45 ya upana huo, yaani kama milimita 101, na rimu ni ya inchi 17. Tairi ya Probox utaipata karibu kila mji wenye soko. Lakini ranflati ya kipimo hicho haikai dukani Voi wala Taveta ikimngoja mjomba. Itabidi iagizwe Mombasa, na Mombasa ni mbali na Voi kwa kilomita kama 160, mara mbili ya masafa ambayo ranflati inaweza kwenda. Kwa hivyo gari litafika Voi kwa fahari, halafu litapandishwa juu ya mawe siku mbili au tatu, na mzigo wa nguo utapanda matatu.

Hapo ndipo nilipoona kwamba swali lenyewe huulizwa vibaya. Watu huuliza, "Je, ranflati itanifikisha?" Aghalabu itakufikisha. Swali la kuuliza ni kama huko itakakokufikisha pana tairi nyingine kama hiyo. Ndani ya Nairobi au Mombasa jibu ni ndiyo; maduka yapo, na wakala akikosa leo atapata kesho. Kwenye barabara ya kutoka Marsabit hadi Moyale, yenye karibu kilomita 250 na kupita jangwa la Dida Galgalu, saa moja ya ranflati inaweza isikufikishe hata katika miji hiyo miwili, seuze duka la tairi. Madereva wa huko hubeba magurudumu mawili ya akiba, na hawafanyi hivyo kwa kupenda uzito.

Liko jambo la pili, nalo ndilo lililomuuma mjomba zaidi: ukarabati. Tairi ya kawaida isiyo na tyubu ikichomwa na msumari katikati ya sehemu inayokanyaga barabara, fundi wa pancha huiziba kwa muda wa kunywa chai. Ranflati nayo inaweza kuzibwa ikiwa umeona mapema kwamba upepo unapungua na hukuiendesha ikiwa tupu. Lakini ikishaendeshwa bila upepo, watengenezaji wengi huonya kuwa isizibwe, itupwe. Sababu ni lile joto. Ubavu unaweza kuwa umeungua na kupasuka kwa ndani, na kwa nje ukang'aa kama mpya. Fundi wa kando ya barabara atakuzibia, hatakataa pesa, na tairi itashika upepo vizuri tu. Kisha siku moja, ukiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, ubavu uliochoka hupasuka. Kwa hivyo tunu ile ile uliyoinunua, yaani kuendesha bila upepo, ukiitumia mara moja umeimaliza na tairi yako pamoja.

Hebu tuweke hesabu ya mfano. Tarakimu hizi ni za kupigia hesabu tu, usiende nazo dukani kugombana na watu. Tuseme tairi ya kawaida ni shilingi 15,000 na ranflati ya kipimo hicho hicho ni 22,000. Kwa tairi nne umezidisha shilingi 28,000. Pesa hizo zinaweza kununua gurudumu la akiba, jeki na spana, na labda chenji ikabaki. Sasa tia pancha. Kwa tairi ya kawaida unalipa mia tano za kuziba. Kwa ranflati iliyoendeshwa tupu unalipa 22,000. Mtu anayepata pancha moja kwa miaka miwili anaweza kulivumilia hilo. Mjomba, anayeegesha gari sokoni mahali ambapo maseremala na mafundi wa jua kali humwaga misumari kama mbegu, anapata tatu kwa mwaka. Hapo mimi sihitaji kikokotoo.

Halafu kuna mashimo. Ubavu mgumu unaolibeba gari wakati wa shida ndio ubavu mgumu huo huo siku zote nyingine. Tairi laini hulimeza shimo dogo. Ranflati humpelekea dereva na rimu habari zote za shimo lile. Gari hurukaruka zaidi, na kwa tairi zenye ubavu mfupi kama zile za mjomba, pigo la shimo lenye kingo kali linaweza kuipinda rimu au kuipasua. Rimu ikipinda, ranflati haina msaada wowote. Wala haina msaada jiwe likipasua ubavu wenyewe. Watu husahau hilo: kinga yake ni dhidi ya msumari na kuvuja, si dhidi ya kila balaa la barabarani. Katika barabara ya lami safi hutalisikia sana hili. Katika njia ya changarawe ya kwenda shambani utalisikia mgongoni.

Tena kuivua na kuivalisha ni kazi. Yule fundi wetu wa nyundo na vyuma viwili hawezi kuing'oa ranflati bila kuujeruhi mdomo wake. Panahitajika mashine yenye mkono wa kusaidia. Ukifika mahali ukaona fundi anaikanyaga kwa buti na kutokwa jasho, mwombe kwa heshima aache.

Msomaji anaweza kudhani kwamba nimeshazihukumu ranflati kifo. Subiri kwanza. Nina shangazi ambaye ni muuguzi mjini Mombasa. Akiwa na zamu ya jioni hutoka hospitali usiku wa manane na kuendesha peke yake mpaka kwake, upande wa Mtwapa. Fikiria amepata pancha saa saba usiku penye giza. Kubadilisha gurudumu si kazi ngumu kwake, alikwisha kujifunza. Lakini kwa dakika 20 atakuwa amechuchumaa kando ya barabara, mgongo kwa matrela yanayopita kwa kasi, asijue ni nani anayemkaribia kutoka gizani. Pembetatu zile za kumulika, ambazo madereva huziita laifseva, zinasaidia kwa matrela. Kwa wakora hazisaidii kitu. Kwa mtu kama huyu, kutosimama kabisa ndiyo faida yenyewe. Safari yake haifiki kilomita 20, nyumbani yuko ndani ya ile saa moja mara nyingi, na kesho yake duka liko karibu. Hata akiitupa tairi, tairi hununuliwa, shangazi hanunuliwi.

Kwa hivyo ranflati zingemfaa sana shangazi, lakini gari lenye ranflati ni la mjomba! Na huwezi kuzihamisha hivi hivi. Gari la shangazi ni dogo, la Kijapani, na ranflati za vipimo vidogo kama vyake ni adimu mno. Hata zingepatikana, lipo sharti lingine ambalo wauzaji hulipitia haraka: gari lenye ranflati ni lazima liwe na chombo cha kumwonya dereva kuwa upepo umeisha. Tairi ya kawaida ikiisha upepo utajua tu, gari huvuta upande na usukani huwa mzito. Ranflati inaweza kuwa tupu na ukaendelea kuimba nyimbo zako, ile saa moja ikiyoyoma bila wewe kujua kwamba imeanza.

Vyombo hivyo ni vya namna mbili. Cha kwanza ni kidude kilichofungwa ndani ya kila gurudumu, kinachopima presha yenyewe na kutuma habari kwa redio hadi mbele ya dereva. Cha pili hakipimi upepo hata kidogo, na mimi kinanifurahisha zaidi kwa werevu wake. Hutumia vipima mwendo vya breki za ABS. Tairi iliyopungukiwa na upepo huwa imeshuka kidogo, kwa hivyo ni kama gurudumu dogo zaidi, na gurudumu dogo lazima lizunguke mara nyingi zaidi ili liende sambamba na wenzake. Kompyuta ya gari ikiona moja linazunguka kuliko mengine, huwasha taa. Udhaifu wake ni kwamba kila ukijaza upepo sharti ulifundishe upya kwa kubonyeza kitufe, na tairi zote nne zikipungua kwa pamoja linaweza lisishtuke. Marekani ililazimisha vyombo vya kuonya katika magari madogo mapya yote ya kuanzia toleo la 2008, na Umoja wa Ulaya katika magari madogo mapya yote kuanzia Novemba 2014. Magari mengi madogo yaliyotumika Japani hayana. Gari lisipokuwa nacho, mimi ningesema ranflati zisahauliwe, au kitiwe kwanza.

Shangazi tulimshauri mengine. Vipo vifuniko vya vali vyenye kipima presha vinavyotuma habari kwenye kioo kidogo dereva anachoweza kukiona. Upo pia mtungi wa gundi pamoja na pampu ndogo ya umeme inayochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara. Gundi huziba tundu dogo la msumari, si mpasuko. Tena tundu la msumari mara nyingi huvuja polepole, hasa msumari ukiwa bado umo ndani, kwa hivyo ukionywa mapema unaweza kufika kituo cha petroli chenye taa na walinzi ukiwa bado na upepo. Na likitokea la kutokea mahali pabaya, aendeshe polepole kwa tairi ya kawaida iliyo tupu mpaka penye mwanga. Ataiharibu tairi, labda na rimu. Aiharibu. Fauka ya hayo, zipo tairi nyingine ambazo ndani zimepakwa utomvu unaonata, ambao hulizingira tundu lenyewe na kulifunga. Zile za Continental, kwa mfano, hutengenezwa kwa matundu yasiyozidi milimita 5 katika sehemu inayokanyaga barabara. Hizo hubaki laini kama tairi nyingine, na pengine kwa barabara zetu zingefaa zaidi kuliko ranflati, ingawa nazo si za kuokotwa kila duka.

Tumrudie mjomba, ambaye tulimwacha na ramani mkononi. Aliamua kuziondoa, nasi tukakubaliana naye, lakini kuna adabu zake. Hubadilishi mbili ukaacha mbili. Gari lenye ranflati mbele na za kawaida nyuma hukata kona kwa tabia mbili tofauti, na siku ya mvua hutajua ni ipi itakayokujibu. Zote nne zitoke pamoja. Tairi mpya ziwe na nambari ya uzito na herufi ya mwendo zisizopungua zile zilizopendekezwa na watengenezaji wa gari. Taa ya onyo isizimwe, kwani inafaa tairi ya aina yoyote.

Na la akiba litakaa wapi? Hapo ndipo wengi hukwama. Gari lililoundwa kwa ajili ya ranflati mara nyingi halina shimo la gurudumu chini ya buti. Mjomba amelilaza gurudumu lake juu ya sakafu ya buti na kulifunga kwa mkanda, na sasa nafasi ya robota moja la nguo imekwenda. Alilalamika, akanyamaza. Kulifunga ni lazima, maana gurudumu la kilo 20 lisilofungwa, gari likigonga, huruka mbele kama jiwe la teo. Rimu nayo iwe na matundu ya bolti yanayolingana, na iweze kupita juu ya breki bila kugusa. Ijaribuni pale pale gereji, siyo Maktau wakati wa jua kali. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini hawakuwa wameona mpira. Tairi ya akiba huzeeka hata ikiwa haijakanyaga lami, na upepo wake huisha kimyakimya, kwa hivyo kila mara nne zinapojazwa, ya tano nayo iangaliwe.

Kama wewe au mzazi wako hamjui gari lenu lina tairi gani, majibu yameandikwa ubavuni. Bridgestone huandika RFT, Michelin huandika ZP, Continental SSR, Goodyear na Dunlop ROF. Tafuta pia neno DOT na tarakimu nne zilizo mwisho wa mstari huo: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka wa 2019. Gari la miaka saba au minane laweza kuwa bado na tairi lilizozaliwa nazo, na ranflati ya umri huo usiitegemee kwa kilomita zake 80, hata muuzaji akiapa. Siku ya wazazi mwaka huu nitakuwa pale maegesho karibu na uwanja wa mpira, nimeinama kusoma tairi za wageni. Mwalimu wa zamu akiuliza, mwambieni ni mimi, na ninafanya utafiti.